Madaraja yetu yanaliwa chini kwa chini

KILA mvua kubwa inaponyesha, Wakenya husikia habari ile ile: daraja limesombwa na wasafiri wamekwama. Lawama huelekezewa mvua. Hata hivyo, mara nyingi daraja haliangushwi na maji yanayopita juu yake, bali na yale yanayochimba mchanga chini ya nguzo zake.

Mnamo Januari 1993, treni ya abiria iliyokuwa ikisafiri kati ya Mombasa na Nairobi ilitumbukia mtoni eneo la Ngai Ndeithya baada ya mafuriko kudhoofisha daraja la reli. Zaidi ya watu 100 walifariki. Novemba 2023, mafuriko yaliharibu daraja la Mbogolo, Kaunti ya Kilifi, na kukatiza safari kati ya Malindi na Mombasa.

Maji yanayokwenda kasi yakigonga nguzo huelekea chini, yakazunguka kwa nguvu na kufukua mchanga ulioizingira. Magogo yanayonasa hapo huongeza kasi hiyo. Hatari zaidi ni kwamba mafuriko yakipungua, shimo hujazwa tope laini lisiloweza kubeba uzito wowote. Anayekagua daraja wakati wa kiangazi huona mto umetulia na kudhani mambo ni shwari.

Hata mataifa tajiri yamejifunza kwa machozi. Nchini Marekani, daraja la mto Schoharie, jimbo la New York, liliporomoka Aprili 1987 na kuua watu 10. Uchunguzi ulibaini kuwa mawe ya kukinga nguzo hayakutunzwa ipasavyo. Nchini Ureno, watu 59 waliangamia Machi 2001 daraja la Hintze Ribeiro lilipoanguka katika mto Douro, ambako mchanga ulikuwa umechotwa kwa miaka mingi.

Kisa hicho cha Ureno kinatuhusu moja kwa moja. Katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui, mchanga wa mito hubebwa kwa malori ili kujenga majumba mijini. Kijana anayepakia lori anatafuta riziki, na hapaswi kubebeshwa lawama peke yake. Lakini mto ulionyang'anywa mchanga huutafuta kwingineko, na mara nyingi huupata chini ya daraja. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015. Sheria ya aina hiyo haina maana ikiwa malori yanaendelea kupakia usiku karibu na nguzo.

Tiba inajulikana. Misingi ya madaraja mapya ifikishwe kwenye mwamba au kina ambacho maji hayawezi kufukua. Madaraja ya zamani yazungushiwe mawe makubwa, yakitandikwa juu ya kokoto ili mchanga usipenye, na yakaguliwe kila baada ya mafuriko. Kina cha mto kipimwe na kuwekwa kwenye rekodi, magogo yaondolewe, na daraja linaloshukiwa lifungwe mapema.

Kazi hizi hazina sherehe wala utepe wa kukatwa na mwanasiasa, na pengine ndiyo sababu hupuuzwa bajeti inapoandaliwa. Lakini gharama ya lori la mawe haiwezi kulinganishwa na ya daraja jipya, sembuse uhai wa abiria. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa daraja huwa chini ya maji, asikouona mpita njia.