Baada ya Davies, kalamu ashike nani?

Najua zamu yangu wiki hii ilikuwa kuandika juu ya vyandarua. Vyandarua nitaandika wiki ijayo, havikimbii. Leo nataka tumalize ule ubishi wa pale kwa kuchaji simu, uliotufanya Jumapili turudi nyumbani usiku na kukuta bugali imekuwa baridi. Swali lenyewe: nani achukue usukani wa Doctor Who?

Kwa wale ambao hawaijui, ni mfululizo wa televisheni ya BBC, Uingereza. Kuna mtu anaitwa Daktari, basi, hana jina lingine. Ana mioyo miwili. Anasafiri katika kibanda cha bluu cha polisi ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje, na kinampeleka mwaka wowote, sayari yoyote. Akikaribia kufa mwili wake unabadilika, anatoka mtu mwenye uso mwingine na kumbukumbu zile zile. Hiyo akili waliipata mwaka 1966, juu ya mchezaji wa kwanza, William Hartnell, alikuwa mgonjwa na wao hawakutaka kazi isimame. Wakamweka Patrick Troughton, na tangu siku hiyo nyuso zinabadilika, hadithi inaendelea. Kipindi cha kwanza kilitoka tarehe 23 Novemba 1963. Hesabu mwenyewe: Kenya ilikuwa bado karibu wiki tatu ipate uhuru, na hapa Nchelenge bado palikuwa ndani ya Rodezia ya Kaskazini.

Sisi wengi tuliingia kwa mlango mmoja tu, Ncuti Gatwa. Kijana wa Kigali, kazaliwa 1992, familia yake ikakimbia Rwanda 1994, yeye akakulia Scotland. Mwaka 2022 wakatangaza kwamba yeye ndiye Daktari mpya. Mnakumbuka ile flashi ilivyotembea blok kwa blok? Mama mmoja jirani yetu, Kiingereza hajui hata salamu, alikaa mpaka mwisho, akasema ule mtoto anacheka kama watu wa kwetu.

Halafu tarehe 31 Mei 2025 akaondoka. Mwili ukabadilika, na uso uliotokea ni wa Billie Piper. Mwezi wa 10 mwaka huo BBC ikasema Disney hawaendelei tena na ushirikiano, na Russell T Davies ataandika kipindi cha Krismasi ya 2026. Davies ndiye mwenye usukani. Ndiye aliyeifufua 2005, baada ya kulala tangu 1989 ukiacha filamu moja ya 1996. Mwaka 2010 akampisha Steven Moffat, kisha akaja Chris Chibnall, kisha Davies akarudi mwenyewe. Miaka 20, watu watatu. Ndiyo maana watu wanauliza baada yake ni nani, na wanauliza kwa nguvu.

Yaya wa kuchaji simu anataka Moffat arudi. Sababu yake ni moja, "Blink" ya 2007, ile ya masanamu yanayotembea ukifumba macho. Anasema mtu anayeweza kukuogopesha kwa sanamu tu, bila pesa nyingi, huyo ndiye anafaa wakati ambapo pesa za Disney zimekwisha. Hoja yake si mbaya, nakubali. Mwingine akasema Pete McTighe, juu ya kwamba ameshaandika vipindi kadhaa na anaijua nyumba. Mwingine akasema Davies abaki tu, mzee akiwa na nguvu unamtoa kwa nini. Ndipo rafiki yangu wa blok ya pili, aliyekuwa kimya muda wote anasubiri simu yake ijae, akatukata maneno: "Ile bintu ni ya bazungu. Sisi tunaingilia wapi?"

Sikumjibu vizuri ile siku. Namjibu hapa.

Tunaingilia hapa, ndugu yangu: Daktari ni mkimbizi. Sisemi kwa mfano. Ilipoanza tena 2005, hadithi ilikuwa kwamba sayari yake, Gallifrey, imeteketea vitani na yeye amebaki peke yake. Baadaye waliirudisha, halafu wakaiteketeza tena, mimi mwenyewe hapo nilichanganyikiwa. Lakini yule mtu anayecheka sana mbele za watu, na usiku hataki kuulizwa kwao ni wapi, mimi namjua. Analala nyumba ya tatu kutoka kwetu. Na ile karatasi yake! Wote tulipiga kelele tulipoiona. Ana karatasi isiyo na kitu, akimwonyesha askari, askari anasoma kile anachotegemea kusoma: huyu ni mkaguzi, huyu ni mkubwa, apite. Hapa kuna mtu ambaye hangetoa mbuzi wawili kwa karatasi ile? Mimi kila nikitaka kwenda Kashikishi lazima kwanza niombe karatasi ya ruhusa, na yangu haina uchawi wowote.

Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Wakati wa Ncuti tulifurahi juu ya uso. Uso ulikuwa wetu. Kalamu ilikuwa ya nani? Tazama vipindi vyake vyote. Kimoja tu kilimshusha Afrika na kukaa huko, "The Story & the Engine" cha mwaka 2025, ndani ya kinyozi cha Lagos. Kiliandikwa na Inua Ellams, aliyezaliwa Jos, Nigeria, akahamia Uingereza akiwa mtoto. Na tofauti inaonekana hata kama umezima sauti. Daktari anaingia pale kinyozi na mabega yanashuka. Anaeleza kwamba mahali pengine, kwa mwili huu alio nao sasa, hapokelewi kama zamani, lakini pale wanamchukua kama mmoja wao. Mwandishi mwingine angeweza kuiandika? Labda. Lakini hakuna aliyeiandika kabla yake.

Na kumbukeni kile kisa chenyewe. Wateja wamefungwa mle ndani, kila mmoja akinyolewa lazima atoe hadithi, na hadithi ndiyo mafuta ya mashine. Yule Kinyozi ana hasira juu ya nini? Alifanya kazi ya kuzisuka na kuzieneza hadithi za miungu, miungu ikapata sifa, yeye hakupata kitu. Nilipoona vile nilisimamisha simu kidogo.

Juu ya nini? Juu ya sisi tuliocheza ule mchezo wa kuigiza mwaka juzi. Shirika silitaji. Karatasi za mchezo zilikuja zimekwisha andikwa, ndani kuna mkimbizi anaitwa Furaha anayesema "mimi ni muathirika" mara nne. Nani kwetu anaongea vile? Tukaomba tubadilishe, yule mama aseme namna mama zetu wanavyosema, na aseme pia juu ya foleni ya maji, maana ndiyo iliyokuwa inamsumbua kweli. Tukajibiwa muda hautoshi, mara ijayo. Tukacheza vile vile. Watu walicheka pahali pa kulia. Picha zetu zilitoka nzuri sana.

Kwa hiyo ninaposikia watu wanabishana tu Daktari mwingine awe mweusi au mweupe, mwanamke au mwanaume, nasema sawa, ni swali, lakini ni swali la pili. Anayeendesha ndiye anachagua waandishi, anachagua wachezaji, anaandika upya kurasa za wengine, anakaa na wakubwa wa pesa na kuwaambia hapana. Uso unaweza kuwa wa kwetu na maneno yote ya mtu mwingine. Tumelijua hilo kwa miili yetu.

Wengine watasema: kazi hiyo ni kubwa, inataka mtu mwenye mvi, huwezi kumpa mgeni. Bon, turudi 1963. Aliyeisimamia mara ya kwanza kama prodyusa aliitwa Verity Lambert, mwanamke, umri wake 27. Aliyeongoza kipindi cha kwanza kabisa ni Waris Hussein, aliyezaliwa India, Lucknow, akaletwa Uingereza akiwa mtoto. Umri wake miaka 24. Miaka 24! Ni mdogo kuliko nusu ya watu wa grupu hili. Na aliyewakabidhi kazi, Sydney Newman, alikuwa ametoka Kanada. Kwa hiyo hao wanaolinda nyumba dhidi ya vijana na wageni wanailinda dhidi ya watu walioijenga.

Kura yangu naitoa kwa Vinay Patel. Ellams nampenda, lakini kaandika kimoja. Patel ana viwili. Cha pili aliandika pamoja na Chibnall, 2020, ndicho kilichomleta Jo Martin, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa Daktari. (Na alikuja akiwa mtoro, anajificha kwa jina lingine. Mtu mweusi kuingia mle hata kwa hadithi lazima kwanza ajifiche.) Cha kwanza ni "Demons of the Punjab" cha mwaka 2018. Hicho ndicho kinanifanya niandike yote haya.

Ni mwezi wa 8 mwaka 1947. India inakatwa vipande viwili na mpaka mpya unapita katika shamba la watu. Prem ni Mhindu, Umbreen ni Mwislamu, wanataka kuoana, na ndoa inafungwa pale pale mpakani. Sisi wa ziwa hili hatuhitaji kuelezwa. Mpaka unapita ndani ya Mweru, kisiwa cha Kilwa kiko Zambia na mji wa Kilwa uko Kongo, na samaki hajui ameingia wapi. Katika kisa kuna viumbe wawili wa kutisha wanaotokea msituni, na wote wanadhani ndio wauaji. Kumbe hapana. Sayari yao iliangamia, wakakuta hakuna aliyebaki kuwalilia watu wao. Tangu hapo wanazunguka dunia zote na kusimama karibu na wale wanaokufa peke yao, ili angalau mtu mmoja awe ameona. Anayemuua Prem si wao. Ni kundi la mdogo wake mwenyewe.

Baba mdogo wangu alibaki njiani mwaka 2017, upande wa Pweto. Habari tulipata baada ya miezi, kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Hakuna anayeweza kutuambia alilala wapi. Mimi si mtoto, najua kwamba wale viumbe ni watu waliovaa sura za plastiki. Lakini kati ya mahubiri yote na semina zote nilizokaa tangu tufike Mantapala, ni ile saa moja ya televisheni iliyoniachia kitu cha kumwambia mama. Nilimweleza kwa Kiswahili chetu, na majina nilibadilisha. Akaniuliza, "Njo nani aliandika ile?" Nikamwambia jina. Akasema anafaa kuandika zingine.

Basi ni kura mbili.

Yaya wa kuchaji simu ameshasoma haya kabla sijayaweka hapa, na bado anasema Moffat. Jumamosi ataleta "Blink" kwa flashi yake, mwanga wa sola ukitosha. Mwenye spika aje nayo.