Nimekimbia Kilomita 21 na Bado Sipendi Kukimbia

Wadau wangu wa Tanga na kwingineko, leo umbea naupunguza kidogo. Sijasema naufuta, nimesema naupunguza.

Kuna mdada mmoja wa bongo muvi, jina kapuni, ila mnamjua. Hivi karibuni kapost picha ana medali shingoni, nywele zimelala vizuri, wanja haujachuruzika, na chini kaandika maneno marefu kwamba kukimbia ni raha kuliko usingizi, kwamba amemaliza kilomita zake 21 akajiona mwepesi kama unyoya. Watu bana hawana dogo, wakaivuta picha. Namba ya kifuani ilikuwa ya kilomita 5! Komenti ziliwaka siku mbili.

Mi kwenye ugomvi wa kilomita simo. Kilomita 5 kwa mtu aliyetoka kwenye kochi ni safari ya maana, na medali ni yake. Kilichonikera ni hilo neno "raha".

Kwa sababu mi hizo 21 nimezikimbia, Moshi, Februari, kwenye Kilimanjaro Marathon, na raha sikuiona. Sikuiona kilomita ya kwanza, sikuiona ya kumi, na ya ishirini ndo usiniulize kabisa. Nilitumia saa 2 na dakika 51. Raha niliyoipata siku ile ni ya kusimama.

Sasa mtasema we si ukae tu, nani kakulazimisha? Hapo ndo kwenye hoja yangu. Nchi hii tumeshaaminishwa kwamba anayekimbia anapenda kukimbia, na asiyependa hana kazi pale. Matokeo yake binti wa Makorora anasoma posti ya staa, kesho yake anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakimbia mitaa mitatu, mbavu zinachoma, anahema kama baiskeli yenye pancha. Anajiuliza mbona mwenzangu alijiona unyoya na mimi najiona gunia la chumvi? Basi sijaumbiwa. Wiki ya pili viatu viko chini ya kitanda na paka kajifungulia humo. Binti hana kasoro yoyote. Kadanganywa tu.

Mi mwenyewe nakimbia kwa ajili ya sukari. Ukoo wetu una sukari kama kwingine wanavyorithi mashamba. Bibi alikuwa nayo, mama anayo, na mama yangu mdogo alikatwa mguu mwaka juzi, chini ya goti, mwanamke aliyekuwa akicheza ngoma za harusi mpaka wapigaji wanaomba poo. Nilimuuguza mimi. Nikiwa pale wodini nikahesabu wanawake wa nyumbani kwetu waliovuka miaka hamsini bila dawa, nikapata mmoja. Na mi sukari naipenda, chai yangu vijiko vitatu, kaimati nikizianza simalizi moja. Yaani kati ya vitu viwili, kuacha kaimati kabisa au kufanya kitu nisichokipenda mara tatu kwa wiki, nikachagua cha pili. Kufanya mazoezi hakukuhakikishii kwamba hutaugua, ila misuli inayofanya kazi inaitumia sukari iliyo kwenye damu, na hilo lilinitosha.

Ile 21 nilijiandikisha ili niwe na tarehe. Bila tarehe ningeacha, najijua.

Kuna kaka mwingine, huyu wa bongo fleva, kila asubuhi anajirekodi akituambia kwamba asiyekimbia ni mvivu, hakuna visingizio. Kaka, we una mwalimu wa mazoezi na gari linakufuata nyuma na maji baridi. Mama lishe wa Ngamiani kaamka saa tisa usiku anakanda unga, kasimama mpaka jioni, halafu unamwita mvivu? Muombe radhi. Asiyekimbia mara nyingi ana sababu, na sababu nyingine ni za kweli kuliko hiyo mikwaju yako.

Turudi kwa sisi tusiopenda. Kitu ambacho mastaa hawakiweki kwenye video ni kwamba unaruhusiwa kutembea. Kuna Mmarekani anaitwa Jeff Galloway, alikimbia Olimpiki ya 1972, na baadaye akajulikana kwa kufundisha watu kukimbia kidogo, kutembea kidogo, tena kwa mpango, kabla hujachoka. Mi nilianza na dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, kutoka Bombo hospitali mpaka Raskazone. Na spidi yenyewe ni ile ambayo unaweza kumwambia mwenzio habari nzima bila kukata sentensi. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Umbea ukaniokoa tena, kwa sababu nilikuwa na shoga yangu na hatukuwahi kukosa cha kuongea.

Halafu Tanga yetu ina lake jambo. Hewa ya pwani ina unyevu, jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kwa hiyo ukiona unateseka kuliko yule anayejirekodi akiwa Arusha kwenye baridi, si wewe, ni hewa. Kimbia alfajiri, punguza mwendo, kunywa maji. Pia tuko tambarare mno. Kilima kikubwa ninachokijua mjini ni tuta la barabarani! Nilipiga mpaka Mapango ya Amboni na kurudi, kilomita kama 16, nikajiona nimeiva. Kumbe Moshi wana mlima na wanautumia. Njia ya nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka, unapanda tu, ukiinua kichwa Kilimanjaro inakuchungulia kama mama mkwe. Pale nilitembea bila aibu yoyote. Kurudi ni mteremko, na mteremko nao unakula mapaja kimya kimya, utajua kesho yake ukishuka kwenye basi.

Kingine ambacho huyo mdada wa wanja hawezi kukiandika ni kelele za barabarani, maana yeye anakimbia na walinzi. Mi nakimbia na ushungi wangu na suruali pana ya traksuti, na bado bodaboda lazima apunguze mwendo aniulize nani ananikimbiza. Kuna mzee mmoja wa kijiweni aliniambia mwanamke kukimbia ni kujidhalilisha, nikampa shikamoo yake nikapita. Wazee wetu tunawaheshimu. Lakini mzee huyohuyo siku ya Simbu alikuwa anashangilia kwenye redio. Magdalena Shauri wa hapa hapa Tanzania alishika nafasi ya tatu Berlin Marathon 2023, saa 2 dakika 18 na sekunde 41, na mnaweza kuhesabu wenyewe ni wanaume wangapi wa kile kijiwe wanaofika hapo kwa baiskeli. Dada zangu mnaoogopa maneno, mi siwezi kuwaambia maneno yataisha. Hayaishi. Wawili mkiwa pamoja yanapungua, na saa kumi na mbili asubuhi waongeaji wengi wamelala.

Nimemtaja Simbu. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu na yule Mjerumani baada ya kilomita 42, kila mtu kawa mwanariadha. Sawa, ni vizuri, tulisubiri sana dhahabu hiyo. Lakini hata hii nusu tuliwahi kuwa na bingwa wa dunia, Fabiano Joseph, 2005, kule Edmonton, Kanada, na uliza vijana kumi hapo Uhuru Park wangapi wanamjua. Na mbio za Mtanzania zinazokumbukwa zaidi duniani si za kushinda. Ni za John Stephen Akhwari, Mexico 1968, aliyeanguka akaumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Zitazame zile video halafu mnitafutie raha usoni kwake. Haipo. Hakuna aliyemuuliza kama aliona raha, na hakuna aliyemwona hafai.

Nilipoingia uwanja wa Ushirika kuna kijana wa kujitolea kanivalisha medali akaniuliza, "Dada, umeenjoi?" Nikamwambia hapana, nashukuru. Akacheka, akanipa maji, akaniambia na yeye mwaka wake hakuenjoi. Hiyo sentensi moja ilinifaa kuliko posti zote za mastaa nilizosoma miezi mitano.

Kwa hiyo mdada wetu, posti medali yako, wanja wako na kilomita zako 5, tutakupa laiki. Ila mara moja moja tuwekee na ile video ya kilomita ya tatu, uso umekunjamana, umeshika kiuno, unamtukana aliyekushauri. Hiyo ndo itamtoa binti wa Makorora kitandani, kwa sababu atajiona yeye.

Na mnaonitumia meseji kama nitarudia, nimeshalipia ya mwakani, mama mdogo ndo kanichangia nauli. Anataka twende wote, yeye akae uwanjani na magongo yake anishangilie. Kesho Raskazone saa kumi na moja na nusu, shoga yangu kashanipigia simu mara mbili kuhakikisha naamka, na sina hamu hata chembe.