Mlango Usiouliza Jina



Juma hili nimepata barua ya mama mmoja wa kijiji kilicho mbali na barabara kuu. Ameomba jina lake nisilitaje, nami namtii. Aandika hivi: "Mzee wa Baraza, mwanangu wa pili alisomea mambo ya kompyuta, na sasa ana kazi katika hospitali ndogo huku kwetu. Mwezi uliopita aliyafunga matundu yote ya mtandao yaliyo ukutani. Sasa mtu akichomeka waya hapati kitu mpaka ataje jina lake na neno lake la siri. Wakubwa wamekasirika. Wasema kijana ana kiburi, awafanya watu wazima kuwa wezi. Wamempa majuma mawili aeleze, la sivyo aache kazi. Je, mwanangu amekosa?"

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu. Nakujibu mbele ya wote, maana siku hizi mitambo hiyo imo katika shule zetu, zahanati zetu na vyama vyetu vya akiba, na watoto wetu ndio waitunzao.

Kwanza tuelewane juu ya mtambo wenyewe. Swichi nisemayo hapa si ile ya kuwashia taa. Ni sanduku jembamba lenye matundu 8, au 24, au 48. Kila tundu hupokea waya mmoja, na kila waya huenda mahali pake: mmoja kwa karani, mmoja kwa daktari, mwingine hukomea kwenye tundu tupu ukutani, ati tutalihitaji baadaye. Kazi ya swichi ni kupokea habari kwa waya huu na kuipeleka kwa waya ule. Mafundi huliita kila tundu mlango, nalo ni jina la haki. Basi, swichi nyingi zikitoka dukani milango yake yote i wazi. Achomekaye waya huingia. Haulizwi jina, wala atokako.

Mtu atasema, "Sisi tuna kufuli, tena tuna mlinzi usiku." Vema. Lakini mchana watu huingia kwa ruhusa, huketi ukumbini kungojea zamu, na nyuma ya benchi pana tundu. Mwenye kompyuta mkobani ahitaji dakika moja tu. Sisemi kwamba habari za wagonjwa zitafunguka papo hapo, maana nazo huwa na kufuli zao. Lakini amekwisha kuingia ndani ya nyumba, na sasa aweza kujaribu kila mlango wa chumba kwa nafasi yake.

Nami nina sababu ya kulisema jambo hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya shule moja, ambayo sitaitaja. Usiku mmoja alama za wanafunzi wanne zilibadilika ndani ya kompyuta. Watu watano wa ofisi walitumia jina moja na neno moja la siri, tena limeandikwa katika karatasi na kubandikwa ukutani. Tukauliza, "Nani aliingia?" Mtambo ukajibu, "Ofisi." Ofisi ni nani? Hakuna aliyejua. Kompyuta ilikaa mezani pa mwandishi, mama mjane, mtu mpole. Macho yote yakamgeukia yeye. Hakuna aliyemshtaki wazi, lakini salamu zilipungua. Mwisho wa muhula akaomba kuondoka.

Baada ya miezi mwanafunzi mmoja alikiri kwa mwalimu wake. Yeye ndiye. Neno la siri alilisoma siku aliyotumwa ofisini kuleta chaki, na usiku akachomeka kompyuta ya kuazima katika tundu la bwalo. Tulimwandikia yule mama kumwomba radhi. Hakujibu, wala simlaumu. Mimi nami nilikuwa mmoja wa waliopunguza salamu.

Tangu hapo nalijua jambo ambalo wengi hulipindua. Hudhani kuuliza jina mlangoni ni kuwaita watu wezi. Sivyo. Mlango usiouliza jina ndio uwatiao wote mashakani, maana siku ya hasara kila mtu ni mshtakiwa, na mnyonge ndiye aangukiwaye. Kumjua kila mmoja kwa jina lake ni kumkinga asiye na kosa.

Haya, kijana amefanya nini hasa? Kwa jinsi ulivyoeleza, naona ametumia kanuni iitwayo 802.1X. Tarakimu hizo zisikutishe. Ni namba ya kanuni tu. Ilitolewa mwaka 2001 na IEEE, chama cha wahandisi chenye makao yake Marekani, kisha ikatengenezwa upya mwaka 2004, 2010 na 2020. Ndani yake wamo watatu: mgeni, bawabu, na mwenye daftari. Mgeni ni kompyuta itakayo kuingia. Bawabu ni swichi. Mwenye daftari ni kompyuta nyingine iliyofungiwa chumbani, yenye orodha ya watu wote wa nyumba.

Mgeni achomekapo waya, bawabu hafungui. Humwachia ufa mdogo wa kusemea tu, na kumwuliza, "U nani?" Mgeni hutaja jina. Bawabu hulipeleka kwa mwenye daftari, naye hutoa swali la kumpima mgeni. Majibu huenda na kurudi kwa mkono wa bawabu, lakini bawabu mwenyewe halishiki neno la siri. Mwishowe mwenye daftari hutoa hukumu: mpokee, au mkatae. Akipokewa, mlango hufunguka. Waya ukichomolewa, mlango hufungwa tena. Lugha ambayo bawabu na mwenye daftari husemezana kwayo huitwa RADIUS, nayo ilianza mwaka 1991 katika kampuni ya Livingston huko Marekani.

Tena mwenye daftari aweza kumwambia bawabu, "Huyu mpeleke chumba fulani." Karani wa fedha huenda penye hesabu, mganga penye habari za wagonjwa, mgeni wa siku moja penye intaneti tu. Vyumba hivyo si vya matofali. Swichi ndiyo ivigawayo, na mafundi huviita VLAN. Tena daftari likipangwa vizuri huandika nani aliingia, kwa mlango upi, saa ngapi, na saa ngapi aliondoka. Laiti tungalikuwa na daftari hilo siku ile shuleni!

Wako watumiao njia ya mkato. Kila kompyuta ina namba yake ya kiwandani, yenye tarakimu na herufi 12. Swichi yaweza kuambiwa, "Mlango huu ni wa namba hii tu." Ni afadhali kuliko kuacha wazi, lakini namba hiyo mjanja huweza kuiiga, kama mtu avaaye koti la mwenzake usiku ili mbwa asimbwekee. Namba yatambulisha chombo, haimtambulishi mtu.

Wala hili si jambo la ajabu la mwanao peke yake. Kanuni hiyo hiyo hutumika hata pasipo waya. Vyuo vikuu vya nchi nyingi vimeungana katika mpango uitwao eduroam. Mwanafunzi wa chuo cha Kenya kilichoingia katika mpango huo akifika Ulaya katika chuo kingine cha mpango huo, huingia kwa jina na neno lake la siri la nyumbani. Bawabu wa ugenini hamjui, lakini hupeleka swali mpaka kwa mwenye daftari wa kwao.

Basi mama, kufunga hakukosa. Lakini kabla hujamsifu, mwulize maswali haya, ukimtazama usoni.

Je, aliwaambia watu mapema? Mtu akikuta mlango wa jana umefungwa leo bila neno, lazima akasirike. Ilimpasa kukutana nao, kuwaeleza, na kujaribu mlango mmoja kwanza, kisha chumba kimoja, ndipo nyumba nzima. Hapa namwona amekosa.

Je, kila mtu amepewa jina lake na neno lake? Kama amewapa wote neno moja, hajafanya kitu. Na aachaye kazi, jina lake lifutwe siku ile ile.

Je, milango isiyotumika ameizima kabisa? Tundu la nyuma ya benchi halina haja ya bawabu. Liuawe tu.

Je, vyombo visivyojua kusema amevifanyaje? Printa za zamani na mashine nyingine haziwezi kujibu "U nani?" Hizo hupokewa kwa namba ya kiwandani, lakini ziwekwe katika chumba chao, mbali na daftari za wagonjwa.

Je, swichi yenyewe amebadili neno lake la siri lililotoka kiwandani? Maneno hayo huandikwa katika vitabu vya maelezo, na wezi huvisoma. Na sanduku lifungiwe kabatini, maana lina tundu la fundi pembeni, na mwenye kulishika mkononi huweza kulitawala.

Je, kompyuta za watu zimefundishwa kukitazama cheti cha mwenye daftari kabla ya kutoa neno la siri? Zisipofundishwa, tapeli huweza kujifanya mwenye daftari na kupokea siri za wote.

La mwisho ndilo kubwa. Umeme ukikatika na mwenye daftari akizimika usiku wa manane, itakuwaje? Mlango uliofungwa mbele ya mganga mwenye mgonjwa mahututi si usalama, ni msiba. Yafaa mwenye daftari awe na betri, tena awepo wa pili wa kumsaidia. Tena wakubwa na fundi wakubaliane mapema ni milango ipi itakayofunguka siku ya shida, na wapi itakapopelekea.

Akiweza kuyajibu hayo, na aende mbele ya wakubwa bila hofu, lakini aanze kwa kuomba radhi kwa lile la kutowaambia. Kisha awakumbushe kwamba siri ya mgonjwa si mali ya hospitali. Ni mali ya mgonjwa, kukopeshwa tu wamekopeshwa. Hata serikali zimelisema: Kenya ina sheria ya ulinzi wa habari za watu tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Mwanamke aliyepimwa leo hospitalini hataki majibu yake yafike kisimani kabla yake.

Nanyi wakubwa wa hospitali, kama gazeti hili litawafikia: kijana huyo msimfukuze. Mketisheni, mwulizeni hayo niliyoyaandika, na palipo na upungufu mpeni muda atengeneze. Bawabu aulizaye hata jina la mganga mkuu hamdharau mganga mkuu. Amtunzia jina lake, ili siku moja asije akatajwa kwa jambo asilolitenda.

Mama, niandikie tena unijulishe yalivyokwisha.

Ni mimi,
Mzee wa Baraza