BIASHARA YA KUTAFUTA WATU
Na Mwalimu wa Hesabu



Naomba nafasi katika jarida letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya biashara moja ambayo imekwisha ingia katika nyumba za wazazi wengi, na sasa naiona inabisha hodi katika mabweni. Nayo ni ile iitwayo biashara ya mtandao. Mimi si mwanachama wa biashara hiyo, wala sijapata kuwa. Huenda atatokea mtu aseme kwamba aliye nje hawezi kujua ya ndani. Lakini mtu hana haja ya kupanda chombo ili ajue kwamba kimejaa kupita kiasi. Yatosha asimame ufukoni ahesabu vichwa, nami kazi yangu ni kuhesabu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni vijana wetu wa Kidato cha Nne. Wakimaliza mtihani wao mwezi wa Novemba hukaa nyumbani miezi saba hivi kabla ya wale waliofaulu kuingia Kidato cha Tano. Hawana kazi, hawana fedha, na kila mmoja ana hamu ya kuwaonyesha wazazi wake kwamba sasa ni mtu mzima. Ndipo wanapojiwa na maneno matamu. Mzazi naye, kwa kumpenda mtoto wake, hutoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya godoro, sare na nauli.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya jambo lenyewe. Mtandao unaosemwa hapa si ule wa simu na kompyuta, ingawa siku hizi watu hutafutana sana kwa njia hiyo. Ni mtandao wa watu, mfano wa wavu. Unaingizwa na mtu, unanunua kifurushi cha kuanzia chenye vitu kama sabuni, dawa ya meno au vidonge vya kuongeza afya, kisha unapewa haki ya kuviuza. Pamoja na hayo unapewa haki ya kuwaingiza wengine chini yako. Hao wakinunua, wewe unapata sehemu ya fedha yao. Wakiingiza wengine, unapata sehemu ya fedha ya hao pia, na kadhalika kwenda chini.

Mwaka jana mama mmoja jirani yangu alinialika kwenye mkutano wa namna hiyo, nami nikaenda kwa heshima yake. Msemaji alikuwa kijana hodari, amevaa suti nzuri. Alizungumza muda wa saa mbili. Alitueleza habari za motokaa, nyumba za ghorofa na safari za ng'ambo. Habari za sabuni alizieleza kwa muda mfupi mno. Mwisho aliuliza kama kuna mwenye swali, nami nikasimama nikamwuliza: "Katika watu wote wanaonunua sabuni hii, ni wangapi ambao si wanachama?" Akatabasamu akasema, "Mwalimu, maswali ya namna hiyo ndiyo yanayowafanya watu wafe maskini." Watu wakacheka sana. Mimi nami nilicheka, lakini jibu sikupewa.

Swali hilo sikulibuni mimi. Biashara hii ilianza Marekani, na wenyewe Wamarekani wamelijadili kwa miaka mingi. Mwaka 1945, huko California, mabwana wawili, Lee Mytinger na William Casselberry, walishika uuzaji wa vidonge vya Nutrilite vilivyotengenezwa na Carl Rehnborg. Wakaweka mpango kwamba mwuzaji alipwe kwa vidonge alivyouza mwenyewe, na tena kwa vile vilivyouzwa na watu aliowaingiza. Mwaka 1959 wauzaji wawili wa Nutrilite, Jay Van Andel na Richard DeVos, waliunda kampuni yao iitwayo Amway katika mji wa Ada, jimbo la Michigan.

Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliishitaki Amway kwamba ni mpango haramu wa piramidi, yaani mpango ambao wa juu hulishwa na fedha za wanaoingia chini. Uamuzi ulitolewa mwaka 1979. Tume ilisema Amway si piramidi, na sababu zake ndizo ningependa kila mwanafunzi azisikie. Kampuni ilikuwa na kanuni kwamba mwuzaji auze angalau asilimia 70 ya mali aliyonunua kabla ya kuagiza nyingine. Kwamba awe na wateja kumi kila mwezi. Na kwamba mali isiyouzwa ichukuliwe na mwenyewe arudishiwe fedha. Uamuzi huo huo uliikataza kampuni kutia chumvi katika habari za mapato ya wauzaji wake.

Kwa hiyo kinachopimwa si kuwapo kwa sabuni. Kinachopimwa ni nani anayeinunua na kwa nini. Ikinunuliwa na mtu wa nje kwa sababu anataka kufua nguo, hiyo ni biashara. Ikinunuliwa na mwanachama kwa sababu asiponunua hatapata haki ya kulipwa, basi sabuni hiyo ni tiketi tu, na fedha ya mgeni ndiyo mshahara wa mwenyeji.

Sasa tuje kwenye hesabu. Naomba mwanafunzi achukue karatasi. Tuseme mtu mmoja anaingiza watu sita, na kila mmoja wa hao anaingiza sita, kama wanavyofundishwa. Ngazi ya kwanza ina watu 6, ya pili 36, ya tatu 216, ya nne 1,296. Mpaka hapo mambo yanaonekana mepesi. Endelea. Ngazi ya saba ina watu 279,936. Ngazi ya kumi ina watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, pamoja na watoto wachanga na wazee vikongwe. Ukijumlisha ngazi zote kumi na yule wa kwanza unapata watu 72,559,411. Maana yake ni kwamba kabla ngazi ya kumi haijajaa, nchi yetu imekwisha. Ngazi ya kumi na tatu peke yake inahitaji watu zaidi ya bilioni 13, na dunia nzima haina watu wengi hivyo.

Basi hapana budi ngazi isimame mahali. Popote itakaposimama, gawanya watu wa ngazi ya mwisho kwa jumla ya watu wote, utaona kwamba karibu watano katika kila sita wako chini kabisa na hawana mtu hata mmoja chini yao. Ukichukua ngazi mbili za mwisho pamoja, utapata watu 35 katika kila 36. Hao ama hawana mtu, ama wana watu sita tu ambao hawana mtu. Tena hesabu hii nimeifanya kwa kuwapendelea, kwa kudhani kwamba kila mmoja alifaulu kuingiza watu wake sita. Walio wengi hawafaulu.

Mambo yanayotokea duniani yanafuata hesabu hiyo. Mwaka 2024 wafanyakazi wa Tume ile ya Marekani walitoa ripoti baada ya kusoma taarifa za mapato 70 zilizotolewa na kampuni zenyewe za namna hii. Waliona kwamba wengi wa washiriki walipata dola 1,000 au chini yake kwa mwaka mzima, yaani chini ya dola 84 kwa mwezi. Na hizo ni fedha kabla ya kutoa gharama za kununua vifurushi, za nauli na za mikutano. Mwaka 2016 kampuni ya Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200, na watu karibu 350,000 wakapelekewa hundi za kurudishiwa sehemu ya fedha zao. Mwaka 2015 Tume iliishitaki kampuni nyingine, Vemma, iliyouza vinywaji, kwa kuwavuta wanafunzi wa vyuo. Nawaomba vijana walikumbuke jambo hilo la mwisho. Mwanafunzi hutafutwa kwa sababu ana rafiki wengi na uzoefu mdogo.

Hapa kwetu nako tumeona ndugu wa biashara hii, wale wasiojisumbua hata kwa sabuni. Watu wazima wanaikumbuka DECI. Watu walitoa fedha zilizoitwa mbegu, wakangoja kuvuna. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha mpango huo, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Sisemi kwamba kila kampuni yenye wauzaji wa ngazi ni sawa na DECI, kwa maana sheria huzitofautisha. Nasema kwamba hesabu ya ngazi haibadiliki kwa kupakwa sabuni.

Wako watakaonijibu kwamba wanawajua watu waliotajirika. Ni kweli, wako. Mtu aliyeingia mapema akiwa juu anaweza kupata fedha nyingi, nasi hatumwiti mwongo akituonyesha motokaa yake. Lakini motokaa hiyo haithibitishi kwamba wa chini naye atapata yake. Inathibitisha tu kwamba fedha zilipanda juu.

Wengine watasema kwamba hata duka la kawaida lina msambazaji, mwuzaji wa jumla na mwuzaji wa rejareja, na kila mmoja hupata faida. Hiyo nayo ni kweli. Lakini jamani, mmepata kumwona mwenye duka anayemsihi mteja wake afungue duka jingine la bidhaa zile zile mlango wa pili? Mwenye duka hutaka wateja wengi na washindani wachache. Biashara inayotaka kila mteja awe mwuzaji haina hakika na wateja wake.

Kuna pia wanaoichanganya biashara hii na michezo ya fedha ya kina mama, ambayo wengine huiita upatu au kibati. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kina mama kumi wakitoa shilingi 20,000 kila mmoja kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea shilingi 200,000. Baada ya miezi kumi kila mtu amepokea kiasi kile kile alichotoa. Hakuna aliyetajirika kwa mwenzake, hakuna aliyehitaji kutafuta mgeni, na mchezo unaweza kuanza tena na watu wale wale. Huo ni mpango wa watu wanaoaminiana na kusaidiana. Ule mwingine huichukua imani hiyo hiyo ukaifanya bidhaa.

Nami naona hasara kubwa zaidi iko hapo. Fedha ikipotea, mtu aweza kulima akapata nyingine. Lakini mwanachama mpya huambiwa aandike orodha ya watu anaowajua: shangazi, mjomba, rafiki aliyesoma naye, jirani, mwumini mwenzake. Watu hao humfungulia mlango kwa sababu ni ndugu yao, naye huingia na kifurushi. Wakinunua, wananunua kwa kumwonea haya. Wakiingia na kupata hasara, hawaidai kampuni iliyo mbali, humdai yeye. Nawajua watu waliokuwa wakiazimana chumvi, leo wakikutana njiani mmoja huvuka upande wa pili.

Kisha anayeshindwa hubebeshwa lawama. Akisema hakupata kitu, huambiwa hakujituma, hana ndoto, amekata tamaa mapema. Kijana huyo hurudi nyumbani akiamini kwamba yeye ni mvivu, hata aone haya kuwaeleza wazazi. Napenda kulisema jambo hili kwa sauti. Kama katika darasa langu wanafunzi 35 katika 36 wangeshindwa kila mwaka, hata wale wanaosoma mpaka usiku wa manane, Mkuu wa Shule asingewaita wavivu. Angeniita mimi ofisini aukague mtihani. Basi nasi tuukague mtihani huu, tuache kuwacheka waliouanguka.

Kwa vijana nina shauri dogo. Mtu akija kwako na habari hizi, mpokee kwa adabu, maana mara nyingi ni ndugu yako na anayaamini asemayo. Kisha mwulize mambo matatu. Kwanza, je, ningeweza kuishi kwa kuuza vitu hivi kwa watu wa nje tu, bila kuingiza mwanachama hata mmoja? Pili, nisipoviuza, fedha yangu itarudishwa, na wapi pameandikwa hivyo? Tatu, baada ya kutoa gharama zote, wewe mwenyewe ulibakiwa na kiasi gani mwaka jana? Akijibu kwa tarakimu, kaa naye mpige hesabu. Akijibu kwa habari za ndoto na motokaa, mshukuru, mpe maji ya kunywa, umsindikize.

Kwa wazazi nasema hivi. Kijana anayengoja matokeo anahitaji kazi ya kumfunza kitu: kusaidia dukani akajifunza kutunza daftari, kufuga kuku ishirini akaandika gharama na mapato, kushona, kulima bustani ya mchicha. Faida yake huja polepole na si kubwa, lakini haingojei mtoto wa jirani apate hasara. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kwa walimu wenzangu, naomba tuiingize ngazi ile ya sita mara sita katika somo la hesabu, mapema kabla ya mitihani ya mwisho. Ni somo la nusu saa tu, nalo laweza kuokoa magodoro mengi.