Viungo vya kununua havitaitangaza Migori

WAHENGA walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeyote anayejaribu kuvutia wageni Migori au Homa Bay kwa njia ya intaneti atakiri kwamba mtandaoni methali hiyo imepinduliwa. Chema chaweza kukaa kimya hadi kikasahaulika, nacho kibaya kikajitembeza mpaka kikafika ukurasa wa kwanza wa Google.

Chukua mfano wa Thimlich Ohinga. Ngome hii ya mawe yaliyopangwa bila saruji, iliyoko kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, inakadiriwa kujengwa katika karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Turathi za Dunia. Katika kaunti jirani ya Homa Bay mna Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, makao ya korongo, swala adimu asiyeonekana porini kwingineko nchini Kenya. Mna pia kisiwa cha Rusinga alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa jijini Nairobi mwaka 1969. Mgeni anayetaka kuzuru sehemu hizi aghalabu huanza safari yake kwa kuandika jina la mahali katika mtambo wa kutafuta. Ukurasa atakaoletewa kwanza ndio utakaoamua iwapo pesa zake zitamfikia mwenye nyumba ya wageni wa Nyatike au Mbita, au zitaishia kwa wakala wa mbali asiyewahi kukanyaga huko.

Hapo ndipo wachuuzi wa viungo wanapopata mwanya. Mfanyabiashara akishafungua tovuti, hachelewi kupokea barua pepe za watu asiowajua wakimwahidi mamia ya viungo kwa dola chache. Kiungo ni yale maneno ambayo msomaji akiyabonyeza hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Wachuuzi hao hudai kwamba tovuti ikielekezewa viungo vingi itapanda ngazi katika Google. Wengine huongeza kwamba viungo vyao havina alama ya "nofollow", na kwa sababu hiyo hutoza bei ya juu zaidi. Mwenye biashara asiyeelewa maana ya neno hilo hulipa, kisha hungojea wageni wasiofika.

Ili kuelewa mtego huu, ni sharti turejee mwaka 1998. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walieleza namna ya kupima umuhimu wa ukurasa kwa kutazama kurasa nyingine zinazouelekeza. Kila kiungo kilichukuliwa kuwa mfano wa kura au ushahidi. Aidha, ushahidi wa ukurasa unaoaminiwa na wengi ulikuwa na uzito kuliko ushahidi wa ukurasa usiojulikana. Kwa wazo hilo Google ilizaliwa.

Maadamu ushahidi ulikuwa na thamani, walizuka mashahidi wa uongo. Wauzaji wa dawa bandia na wenye michezo ya kamari walibuni programu za kubandika viungo vyao kila palipoachwa nafasi ya wasomaji kutoa maoni. Mnamo Januari 2005, Google kwa ushirikiano na Yahoo na MSN ilitangaza dawa ya maradhi hayo. Mwenye tovuti angeweza kuandika rel="nofollow" ndani ya msimbo wa kiungo. Maana yake ni "usifuate". Msomaji bado anaweza kubonyeza na kupelekwa anakotaka, lakini mtambo huambiwa usikihesabu kiungo hicho kuwa ushahidi wa mwenye ukurasa. Mwaka 2007 Wikipedia ya Kiingereza nayo ilianza kuviwekea alama hiyo viungo vyake vyote viendavyo nje, ili kuwavunja moyo waliokuwa wakiitumia kujitangaza.

Baadaye alama hiyo ilipewa kazi ya pili, yaani kutenga tangazo na ushahidi. Msimamo wa Google ni kwamba kiungo kilicholipiwa sharti kiwekewe alama. Waliopuuza walijuta. Mnamo Aprili 2012 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyokusudiwa kuzishusha tovuti zilizopanda kwa viungo vya hila. Mwaka uliofuata, Interflora, kampuni ya Uingereza inayouza maua, ilitoweka katika matokeo ya Google kwa siku kadhaa, hata kwa mtu aliyetafuta jina lake. Wachambuzi walihusisha adhabu hiyo na makala za kulipiwa zilizochapishwa katika tovuti za magazeti ya mikoani, zikiwa na viungo visivyo na alama. Siku zizo hizo Google ilitoa onyo dhidi ya biashara ya viungo. Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo iliweza kuanguka kwa siku moja, nyumba ya wageni yenye vyumba sita itasimamia wapi?

Mnamo Septemba 2019 utaratibu ulibadilishwa tena. Google iliongeza alama mbili: "sponsored" kwa viungo vilivyolipiwa, na "ugc" kwa vile vinavyoandikwa na wasomaji wenyewe. Ilisema pia kwamba tangu hapo alama zote tatu zingechukuliwa kama dokezo tu, si amri isiyovunjwa. Kwa hivyo, mchuuzi anayeapa kwamba anajua hasa kiungo fulani kitahesabiwa vipi anauza asichokimiliki. Uamuzi umo mikononi mwa mtambo wenyewe.

Ni kosa vilevile kudhani kwamba kiungo chenye alama hakina faida. Msafiri anayesoma kuhusu Thimlich Ohinga katika ensaiklopidia au gazeti, akabonyeza kiungo na kukodi chumba, hajali msimbo una neno gani ndani yake. Mwenye chumba amepata mgeni, na hiyo ndiyo iliyokuwa haja. Kinyume chake, viungo mia tano kutoka kurasa ambazo hakuna binadamu anayezisoma havimleti mtu hata mmoja, hata kama havina alama yoyote.

Je, mfanyabiashara wa Migori afanye nini? Kwanza, asinunue viungo. Pili, aandike mambo ambayo wakala wa mbali hawezi kuyaandika: hali ya barabara wakati wa mvua, nauli ya kutoka Migori mjini, ada ya kiingilio, saa ambazo waelekezaji hupatikana. Ukurasa wa namna hiyo huelekezwa na wengine kwa hiari, kwa kuwa unawafaa. Tatu, aiandikishe biashara yake katika ramani ya Google, huduma isiyotozwa malipo. Naye aliyekwisha kuuziwa viungo vibovu awaombe wenye kurasa hizo waviondoe. Asipofaulu na adhabu ikamfikia, upo utaratibu ambao Google iliuweka mwaka 2012 wa kuvikana viungo hivyo rasmi.

Hata hivyo, si haki mzigo wote kutwikwa mfanyabiashara. Wapo wanaoweza kutoa ushahidi wa kweli wenye uzito mkubwa, nao aghalabu wamekaa kimya. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 lilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kukuza utalii wa mashinani. Serikali za Migori na Homa Bay zina tovuti rasmi. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo huhifadhi Thimlich Ohinga, yana tovuti yake. Chuo Kikuu cha Rongo kiko papo hapo Migori. Ukurasa mmoja wa kaunti unaoorodhesha nyumba za wageni, waelekezaji na wenye mashua, pamoja na viungo vya tovuti zao, ungewafaa kuliko maelfu ya viungo vya kichuuzi.

Huenda afisa wa kaunti akahofia kulaumiwa kwa upendeleo. Hofu hiyo ina msingi, lakini ina jibu. Serikali inayomtoza mfanyabiashara ada ya leseni kila mwaka imekwisha kumtambua. Basi na iwaorodheshe wote wenye leseni kwa usawa, bila kuuza nafasi hata moja, na viungo vyao viachwe bila alama kwa sababu kaunti inajua inaowaelekeza. Palipo na nafasi ya umma kuandika maoni, hapo alama iwekwe, kwa kuwa serikali haiwezi kumdhamini kila apitaye. Tangazo la kulipiwa nalo litiwe alama yake. Alama hiyo iliundwa ili mwenye ukurasa aweze kusema ni nani anayemjua na ni nani asiyemjua. Anayeibandika kwa kila kiungo kwa uoga amekataa kumshuhudia hata jirani yake, na asiyeiweka popote amemdhamini hata tapeli.

Sisi wa vyombo vya habari hatuwezi kujitoa katika lawama hizi. Gazeti linalochapisha makala ya kulipiwa na kuyaachia viungo visivyo na alama linauza imani ya wasomaji wake. Vivyo hivyo, gazeti linaloandika habari ndefu kuhusu mafundi wa Homa Bay bila kuielekeza tovuti yao limewanyima ushahidi waliostahili.

Chema bado chaweza kujiuza, lakini mtandaoni kinahitaji mtu wa kusema, "Pitieni huku, nimeshafika, nimeona." Maneno hayo yakinunuliwa hukosa maana. Wenye wajibu wa kuyatamka wako Migori na Homa Bay kwenyewe, katika ofisi ambazo tayari zina majina ya wenye biashara hao katika rejista za leseni.