Mahame si pori

Ndugu wanamemba wa kooperative, kila mara watu wanapoanza kurudi kutoka makimbilio, tunasikia neno moja kwenye mikutano ya kupanga mashamba: "Kule ni pori tu." Mtu anaonyesha kilima kwa kidole, kamati inaandika "pori" kwenye kaye, na kesho yake vijana wanapanda na panga na moto kusafisha nafasi ya shamba la pamoja. Sisi waagronomu tunaotembea na ninyi hapa Kashebere, kati ya milima ya Masisi na msitu wa Walikale, tunapenda kusema wazi: mara nyingi kule si pori. Kule ni mahame, ni kijiji cha zamani cha watu. Kooperative inayochoma mahame bila kuuliza inaweza kupoteza vitu viwili kwa siku moja: mbegu yake na amani yake.

Mahame yanajulikana kwa mimea

Katika inchi zingine kijiji cha zamani kinaonekana kwa kuta. Kwetu hapana. Wazee wetu walijenga kwa miti, mianzi na majani. Nyumba ikiachwa misimu michache, mvua na mchwa vinaimaliza. Lakini mimea inabaki.

Tazameni mgomba. Ndizi tunazokula hazina mbegu ya kuota. Hakuna ndege wala upepo unaoweza kuipanda. Kila mgomba mnaoukuta katikati ya vichaka, mtu aliubeba kwa mkono, akachimba shimo, akaupanda. Ni vilevile kwa fikusi zilizosimama kwa mstari: zilipandwa kwa vijiti, kuwa ua wa lupango ama mpaka kati ya jirani na jirani. Mahali udongo ni mweusi kuliko pembeni, mara nyingi palikuwa jalala ama zizi la mbuzi. Na mahali wazee wanakataa kulima hata kama udongo ni mzuri, ulizeni pole pole: pengine ni makaburi.

Juu ya nini mahame ni mengi hivi?

Sababu ya kwanza ni barabara. Wakati wa Wabelgiji, utawala ulitaka watu wakae pamoja kando ya njia, ili iwe rahisi kuwahesabu, kuwatoza kodi na kuwapeleka kwenye kazi. Vijiji vidogo vya milimani na vya msituni viliamriwa kushuka. Kwa hiyo vijiji vingi vya kando ya barabara ambavyo leo tunaviita vya zamani, vilipangwa wakati ule. Vile vya mbele yake viko juu, ndani ya majani.

Sababu ya pili ni kuhamishwa kwa watu. Kuanzia 1937 hadi 1955, ofisi ya Wabelgiji iliyoitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda ilileta maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwapa makao katika Masisi, kuanzia Gishari. Vijiji vipya vilizaliwa, na vingine vikasogezwa.

Sababu ya tatu ni vita. Mwezi wa tatu 1993, mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, ndani ya Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Tangu pale watu wamehama, wamerudi, wamehama tena. Leo kilima kimoja kinaweza kuwa na tabaka mbili ama tatu za mahame, na jamii mbili zinaweza kupaita mahali pamoja kwa majina mawili. Hatusemi hivi ili kufungua vidonda. Tunasema juu kooperative inayogawa ardhi bila kujua haya inatembea gizani.

Wagiriki wa Chios wanatuonyesha nini

Kuko kisiwa kimoja cha Ugiriki, jina lake Chios. Upande wake wa kusini kuna vijiji zaidi ya 20 vinavyoitwa vijiji vya mastiki. Vingine, kama Pyrgi na Mesta, vilijengwa ama kupangwa wakati wa Wagenoa waliotawala kisiwa kile kutoka 1346 hadi 1566. Nyumba zimeshikana, na kuta za nyumba za mwisho ndizo ukuta wa kijiji, ili maharamia wasiingie. Wao pia wanajua vita: mwaka 1822 watu wengi sana wa kisiwa waliuawa ama wakauzwa utumwani.

Vijiji vile viko na watu mpaka leo. Mkulima anachanja gome la mti mdogo wa mastiki, utomvu unadondoka kwenye unga mweupe uliotandazwa chini, unakauka, wanauokota na kuusafisha kwa mikono. Mwaka 1938 wakulima waliunganisha kooperative zao katika muungano mmoja wa kuuza pamoja. Mwaka 1997 Ulaya ilikubali kulinda jina la mastiki ya Chios. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ujuzi wa kulima mastiki kama urithi wa watu wote. Angalieni vizuri: walichoandika pale ni ujuzi wa kulima. Hata moto mkubwa wa 2012, ulioteketeza miti mingi, haukumaliza kazi ile.

Ukuta peke yake usingechunga kijiji. Kilichokichunga ni mmea unaoingiza feza, ujuzi wa wazee, na ushirika wenye nguvu. Sisi hatuna kuta za kuonyesha wageni, na wageni wenyewe hawako njiani kuja. Lakini mmea tuko nao, ujuzi tuko nao, na kooperative ndizo ninyi.

Tunapoteza nini tukichoma

Tangu 2001 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria unajulikana katika Masisi. Mmeuona: majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ndani zimeoza, na shina likikatwa linatoa ute wa manjano. Mashamba mengi ya migomba yameisha, na aina za ndizi ambazo wamama walizijua kwa majina zimeisha pamoja nayo. Mahame yaliyo mbali na panga zinazotembea kutoka shamba hadi shamba yanaweza kuwa na aina ambazo kijijini hamna tena. Mkichoma, mnachoma mbegu ambayo hakuna duka linaiuza.

Ni vilevile kwa maharagi. Wamama wa kwetu wanachanganya aina nyingi katika shamba moja, ili mvua ikizidi moja ipone, jua likizidi nyingine ipone. Baada ya 1994 kule Rwanda, mradi wa Seeds of Hope ulikuja kusaidia kurudisha mbegu, na wataalamu wake wakakuta kwamba aina nyingi za maharagi bado ziko mikononi mwa wakulima. Shida kubwa ilikuwa namna ya kuzipata. Mashirika ya msaada, hata lile linalochapa gazeti hili, yakumbuke jambo hili kabla ya kuleta mfuko wa aina moja kwa kila jamaa.

Kuna pia sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 388, inasema ardhi ya jamii ni ile ambayo jamii inakaa, inalima ama inatumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi. Kifungu cha 389 kilisema haki za ardhi ile zitapangwa kwa amri ya Rais, na miaka ikapita bila amri ile kutoka. Katika nafasi hii wazi, mtu mwenye makaratasi anaweza kuja kusema kilima hakina watu. Tutamjibu kwa nini, kama sisi wenyewe tumeandika "pori" kwenye kaye yetu?

Wanaopinga wana sababu

Vijana wanatuuliza: "Mnataka turudi mlimani, mbali na shule na kituo cha afya?" Hapana. Kuchunga mahame si lazima kukaa ndani yake. Inatosha kuyajua na kutoyavunja ovyo.

Wengine wanasema: "Migomba ya kule pengine ina ugonjwa." Ni kweli. Kwa hiyo chukueni vitoto kutoka shina na majirani yake ambayo hayaonyeshi ugonjwa, menyeni mizizi na kuchovya kiazi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Maji yale yanaua fukusi na minyoo ya mizizi, lakini hayaponyeshi mnyauko. Basi vipandeni peke yake kwanza, mviangalie, kabla ya kuvipeleka katika mashamba. Ua dume livunjwe kwa fimbo yenye panda, si kwa panga. Shina moja likiugua, likateni usawa wa udongo, na panga lipite motoni.

Sababu ya tatu njo nzito zaidi: "Mkianza kuandika mahame, kila jamaa italeta babu yake, na vita itarudi." Hofu hii tunaiheshimu. Lakini kunyamaza hakuondoi madai. Kunayaficha mpaka siku mahindi yanaiva, na pale yanatoka na panga. Afadhali yasemwe mapema, mbele ya wote, kabla jembe halijaingia.

Tunaomba nini

Kwa kamati za kooperative:

1. Kabla ya kupima shamba la pamoja, wekeni siku moja ya salongo kutembea kilima. Waende wazee, wamama na vijana, na watu wa kila jamii inayopajua mahali pale. Kama njia si salama, msiende: andikeni yale wazee wanayokumbuka, hata kama wako kambini. Mkiona chuma chochote cha vita, msikiguse.

2. Andikeni majina yote ya mahali, hata kama ni mawili. Andikeni migomba, fikusi, chemchemi na makaburi. Msiandike "hapa ni kwa fulani". Kaye ya mahame si karatasi ya ardhi. Likitokea bishano, lipelekwe kwa mwami na kwenye barza la wapatanishi, na shamba lingoje.

3. Makaburi na fikusi za mpaka zisikatwe. Sehemu inayobaki inaweza kulimwa kwa makubaliano.

4. Kila kooperative iwe na shamba dogo la mbegu za kwetu: ndizi zilizopona, maharagi ya mchanganyiko, viazi vikuu. Wamama wanaojua majina njo walisimamie, na kazi ile ihesabiwe kama kazi zingine.

Kwa mashirika: lipeni siku ile ya kutembea kama mnavyolipa semina. Ni bei ndogo kuliko kupatanisha watu baada ya shamba kuchomwa. Na mradi usipimwe kwa hektari "zilizofunguliwa" peke yake, juu hesabu ile inasukuma kamati kukimbilia moto.

Msimu A unaanza mwezi wa tisa. Miezi ya saba na ya nane, wakati mvua imepungua, kamati nyingi zinakaa kupanga. Tunaomba mwaka huu neno "pori" lisiandikwe kwenye kaye yoyote mpaka mzee mmoja na mama mmoja wawe wamepanda kule na kurudi kutueleza wameona nini.