Uganda: Kodi ya WhatsApp yafutwa, bando labeba mzigo

Kuanzia Julai 1, 2018, kila aliyetumia WhatsApp, Facebook au Twitter nchini Uganda alitozwa Sh 200 za nchi hiyo kwa siku, hata kwa ujumbe mmoja. Tovuti za kawaida hazikuguswa. Mtandao ni mmoja, lakini sheria iliubagua. Wengi wakaikwepa kodi hiyo kwa VPN.

Julai 2021 ilifutwa, ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye bando la intaneti, isipokuwa kwa huduma za elimu na afya. Kwa hesabu ya haraka, dereva anayetumia bando la chini ya Sh 1,700 kwa siku alipata nafuu. Wakala wa forodha Malaba anayetuma nyaraka kutwa nzima ndiye aliyeongezewa gharama. Atakayeifidia ni mwenye mzigo.